Moyo Shahidi na Moyo Mshtakiwa: Hisia na Imani katika Ushuhuda wa Kiswahili

Wahakiki wa fasihi simulizi wamekwisha kukusanya na kuchambua ngano, methali, vitendawili, nyimbo za unyago na majigambo ya mashujaa. Ipo hata hivyo fani moja inayosemwa kila juma mbele ya hadhira, yenye mianzo na miishio yake maalumu, yenye wasemaji hodari na wasemaji dhaifu, ambayo haijapewa nafasi inayoistahili katika uhakiki. Fani hiyo ni ushuhuda wa wokovu. Huenda sababu ni kwamba wenye kuusema hawauhesabu kuwa sanaa, na wenye kuisoma sanaa hawaingii makanisani isipokuwa kwa harusi na mazishi.

Makala haya yanautazama ushuhuda kama unavyosikika katika mtaa wa Landless, mjini Thika, na katika mitaa inayofanana nao hadi Ruiru. Jina la mtaa huo ni neno la Kiingereza lenye maana ya wasio na ardhi, nalo lafaa kukumbukwa, kwa kuwa fani inayochunguzwa hapa ni mali ya watu ambao hawana mali nyingine nyingi za kutolea hadharani. Reli ilifika Thika mwaka 1913, na tangu hapo mashamba na viwanda vimewavuta watu wa lugha mbalimbali. Kwa hiyo Kiswahili kimekuwa lugha ya ibada hata kwa wale ambao nyumbani husali kwa Kikuyu, Kikamba au Kiluhya. Swali linaloulizwa ni hili: mtu anaposema kwamba anaamini kwa sababu amemsikia Mungu moyoni mwake, je, lugha anayoitumia inampa njia ya kusema lolote siku asipomsikia?

Fani yenyewe kwanza. Msemaji husimama na kulisifu jina la Bwana, na hadhira hujibu. Hutaja jina lake, kisha hutangaza kwamba ameokoka. Baada ya hapo hurudi nyuma kusimulia maisha yake ya awali: ulevi, uasherati, uganga, chuki baina yake na jirani. Kisha huja siku yenyewe, ambayo mara nyingi hutajwa kwa tarehe, na mahali penyewe, ambapo mara nyingi hutajwa kwa jina. Siku hiyo jambo fulani lilimpata moyoni: joto, machozi, wepesi kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Humalizia kwa kuomba aombewe, au kwa kuanzisha wimbo. Ushuhuda mzuri hauzidi dakika chache, na hadhira iliyozoea hutambua mara moja msemaji anapopotea njia, kama vile hadhira ya ngano inavyomtambua fanani asiyejua kufunga kisa chake.

Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni nyakati za vitenzi. Giza lote la ushuhuda limewekwa katika -li-: nilikuwa, nilikunywa, nilichukia, sikumjua. Nuru yote imewekwa katika -me- na -na-: nimeokoka, nimesamehewa, ninaendelea. Mpaka baina ya nyakati hizo ndio uti wa mgongo wa fani, nao hauvukwi kurudi nyuma. Maana yake ni kwamba kutokuwepo kwa Mungu, yaani ile hali ya mtu kusali na kusikia kimya, kunaweza kusimuliwa kama jambo lililopita tu. Msemaji aweza kusema kwamba zamani Mungu alikuwa mbali naye. Akisema kwamba leo Mungu yu mbali, ameshatoka ndani ya fani, na hadhira haina jibu la kumpa isipokuwa moja, kwamba amepoa, au amerudi nyuma.

Ichukuliwe hali ya mwanamke afanyaye kazi ya kibarua kiwandani, ambaye miaka kumi iliyopita alisimama akashuhudia kwa machozi ya furaha, na ambaye tangu kumzika mtoto wake huingia kanisani, husali, hutoa sadaka, wala hasikii chochote. Hakuacha kuamini. Lakini inapofika zamu yake ya kushuhudia ana njia mbili tu. Aweza kurudia ushuhuda wa miaka kumi iliyopita kana kwamba ni wa jana, au aweza kunyamaza. Katika njia ya kwanza anasema uongo juu ya moyo wake, na katika ya pili anahesabiwa miongoni mwa waliopoa. Lawama hiyo haitoki katika Biblia aliyoishika mkononi. Inatokana na muundo wa fani, na hapa ndipo mhakiki wa fasihi ana la kusema ambalo mchungaji huenda asilione.

Fani haikuzaliwa Landless. Kwa sehemu kubwa umbo lake lilikuja na uamsho ulioanzia Gahini, nchini Rwanda, ukapita Uganda na kuingia Kenya, ambako kundi la wahubiri wake lilifika Kabete mwaka 1937. Wimbo wao wa Kiganda, Tukutendereza, ulienea pamoja nao bila kutafsiriwa. Uamsho huo ulikuwa na nguvu moja ambayo haifai kudharauliwa: ulimpa kila mtu, awe mpishi au askofu, haki sawa ya kusimama na kusema yaliyompata. Watu wa uamsho walipotakiwa kula kiapo katika miaka ya vita vya Mau Mau, wengi walikataa, na baadhi yao waliuawa. Hao hawakufa kwa ajili ya joto la moyoni peke yake. Jambo hilo linaonyesha kwamba imani yao ilikuwa pana kuliko lugha waliyoitumia kuieleza.

Lakini hata kabla ya uamsho kufika Kabete, nchi hiyo ya Kiambu na Murang'a ilikuwa na watu waliosimamisha imani yao yote juu ya kumsikia Mungu. Hao ni Arathi, waliokuja kujulikana pia kwa jina la Akurinu. Waliongozwa na ndoto na maono, walitetemeka Roho alipowashukia, na walijitenga na vitu vingi vya kizungu. Mwezi Februari 1934 watatu kati yao, akiwamo Joseph Ng'ang'a, waliuawa na polisi katika msitu wa Ndarugu. Mto wenye jina hilo huvukwa na kila msafiri atokaye Juja kwenda Thika, na ni wachache wanaokumbuka.

Jomo Kenyatta aliwaeleza watu hao katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya. Mwanaisimu ana sababu ya pekee ya kuirudia sura hiyo. Katika kitabu cha Kiingereza kinachohusu Wakikuyu, kundi hilo linatajwa kwa jina la Kiswahili, Watu wa Mngu. Ya nini Kiswahili hapo? Yaelekea kwamba lugha hiyo, ambayo haikuwa ya wazee wa ukoo wala ya wamisheni wa Kiskoti, iliwafaa watu ambao hawakutaka kuwa chini ya mmoja wao. Kenyatta anawaeleza kwa jicho la mwanaanthropolojia: anahesabu mitetemo yao, sauti zao zinazofanana na za wanyama, pinde na mishale yao. Maelezo ni mazuri lakini yanabaki nje. Msomaji anajua jinsi mwaminio alivyotetemeka, ila hajui alifanya nini usiku ambao Roho hakushuka. Na usiku wa namna hiyo haukosi kuwapo. Mtu asiyeuliza swali hilo hajaanza kuichunguza imani, amechunguza mwili tu.

Aliyeliuliza kwa ukali zaidi ni Ngugi wa Thiong'o (1938–2025), mzaliwa wa Limuru katika Kiambu hiyohiyo. Katika riwaya yake A Grain of Wheat (1967) yumo mchungaji Jackson Kigondu, ambaye anajiunga na uamsho na kushuhudia hadharani. Lakini mhusika anayehusika hasa na mjadala huu ni Mugo. Mugo ni yatima na mkiwa. Akiwa peke yake shambani anahisi kwamba ameteuliwa, kwamba sauti inamwita kama Musa alivyoitwa, na kwamba Mungu amemwekea kazi kubwa. Hisia hiyo ni ya kweli kwake kabisa. Kihika anapoingia nyumbani mwake usiku na kuuvuruga utulivu wake, Mugo anamsaliti, na mojawapo ya nguzo za usaliti huo ni imani ileile ya kuteuliwa. Baadaye kijiji kizima kinamtaka awe shujaa wa sherehe za Uhuru, nacho kinasikia utukufu katika ukimya wake. Wote wanahisi, na wote wanakosea.

Wahakiki wengi wameisoma riwaya hiyo kama riwaya ya usaliti na siasa, nao hawakukosea. Lakini ndani yake imo hoja nzito juu ya hisia kama msingi wa imani, kwamba moyo unaweza kusikia mwito ambao hakuna aliyeutoa. Lililo la ajabu ni kwamba Mugo anapata ukweli kwa njia ya ushuhuda. Maungamo yake mbele ya umati yanafuata sura ya nje ya fani ya uamsho, kwani anasimama na kuitaja dhambi yake. Ila hakuna -me- ya kumalizia. Hakuna joto, hakuna wimbo, umati unaachwa umeduwaa. Ngugi ameandika ushuhuda wenye nusu moja tu, na nusu hiyo ina ukweli kuliko shuhuda nyingi zilizokamilika.

Hapa yafaa kuyatazama maneno yenyewe, kwa kuwa Kiswahili kimeficha tatizo na pia kimehifadhi dawa yake. Waumini wa Thika hawatumii sana kitenzi kuhisi, ambacho asili yake ni Kiarabu na ambacho hunukia kitabu. Husema kusikia: nasikia baridi, nasikia njaa, nasikia uchungu, na kadhalika nasikia amani, namsikia Bwana. Kwa msemaji wa Kikuyu hilo ni jepesi, maana kitenzi chake kũigua kina upana uleule, yaani sikio, ulimi na ngozi vyote vimo. Lakini mitume walipoiweka imani katika kusikia, walikusudia sikio: neno linalotoka nje ya mtu, linaloletwa na mjumbe, nalo ni kweli hata kama msikilizaji amechoka au ana homa. Kusikia baridi ni jambo jingine, maana hakuhitaji mjumbe, na hakuna awezaye kumkanusha anayesema anaisikia. Kwa kuwa kitenzi ni kimoja, mhubiri aweza kuanza na kusikia kwa sikio na kumaliza na kusikia kwa ngozi bila yeyote kushtuka. Hoja nyingi za mimbarini husafiri kwa daraja hilo, na wasikilizaji hawajui kwamba wamevuka mto.

La pili ni viambishi vya mahali, ambavyo kila mwalimu wa sarufi huvifundisha na wachache huvitafakari. Kiswahili sanifu hutofautisha yupo, yuko na yumo: mahali mahususi, mahali pasipo mahususi, na ndani. Nomino uwepo, iliyoenea sana katika mahubiri ya siku hizi, imetokana na kuwepo, nayo imebeba -po. Ni -po ya hapa, papa hapa, ambapo kiongozi wa sifa anasimama na kipaza sauti. Anapotangaza kwamba uwepo wa Bwana umejaa mahali hapa, kiambishi kinathibitisha tangazo lake, na asiyesikia kitu anajiona kuwa yeye ndiye aliye nje ya mahali.

Lakini Kiswahili cha bara la Kenya kimefanya jambo ambalo watetezi wa usanifu hulilaumu. Kimeitanua -ko mpaka karibu imemeza wenzake. Mtu aliye mbele ya macho husemwa yuko, na aliye ndani ya nyumba husemwa yuko. Kwa hiyo katika Landless mwenye kufiwa haambiwi uwepo. Huambiwa maneno mawili: Mungu yuko. Mwanasarufi wa pwani angesahihisha. Na asisahihishe upesi, maana hapa kosa la sarufi limesema vizuri kuliko usahihi. Yuko haionyeshi mahali, wala haidai kwamba mfiwa asikie chochote. Inathibitisha kuwapo bila kuahidi ukaribu. Watu walewale ambao Jumapili hupimana kwa -po, siku ya matanga hufarijiana kwa -ko, na imani ya pili ni imara zaidi kuliko ya kwanza, ijapokuwa hakuna anayeihubiri.

Fasihi ya Kiswahili, kwa upande wake, haikungoja Thika ili kulijua jambo hili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, utenzi unaosomwa katika kila idara ya Kiswahili, na mara nyingi kwa ajili ya magofu ya Pate peke yake. Lakini magofu ni mfano tu uliotolewa katika mazungumzo, na mazungumzo yenyewe ni ya mshairi na moyo wake. Tofauti na ushuhuda ni kubwa. Katika ushuhuda moyo ni shahidi: huitwa mbele, huulizwa ulisikia nini, na neno lake hukubaliwa. Katika Al-Inkishafi moyo ni mshtakiwa. Unasutwa, unaulizwa maswali usiyoyajibu, unaonyeshwa makaburi na nyumba tupu, unatishwa kwa moto. Mshairi hamwamini Mungu kwa sababu moyo wake umemsikia. Anamwamini Mungu na kwa hiyo anaushuku moyo, kwa kuwa ndio uliohadaika na dunia. Ikiwa moyo ule haukusikia kitu, hilo halimpunguzii Mungu neno. Ni shauri la moyo.

Itasemwa kwamba kulinganisha utenzi wa Kiislamu wa pwani na ushuhuda wa Kikristo wa bara ni kulinganisha usiku na mchana. Pingamizi hilo lina uzito, lakini si wa kutosha. Kinacholinganishwa ni kazi inayopewa neno moja, moyo, katika lugha moja. Na ulipo ushahidi wa karibu zaidi, pwani na bara zimekutana katika Kiambu yenyewe, ndani ya Gereza la Kamiti lisilo mbali na Ruiru.

Abdilatif Abdalla wa Mombasa alihukumiwa mwaka 1969 kifungo cha miaka mitatu kwa ajili ya kijitabu Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga kifungoni, Kamiti na Shimo la Tewa, yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, nayo yalipata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata. Wahakiki wameieleza siasa ya diwani hiyo na lahaja yake ya Kimvita. Hapa yatosha kutazama vichwa viwili vya mashairi, Siwati na N'shishiyelo ni Lilo. Cha kwanza ni ukanushi wa kuwata, yaani kuacha. Cha pili kina umbo la kale la wakati timilifu, lililopotea katika Kiswahili sanifu: lile alilolishika na ambalo angali amelishika. Kitenzi cha mfungwa huyu, basi, ni kushika. Mkono hushika gizani sawasawa na nuruni. Hauhitaji kusikia joto ili ukaze. Na wakati wa kitenzi chake haukatwi vipande viwili kama wa ushuhuda. Jambo lilianza zamani na lipo sasa, pamoja na dhiki, si baada yake.

Ni kweli kwamba anachokishika Abdilatif ni msimamo wa siasa na haki, na si haki kumgeuza kuwa mhubiri. Lakini jambo la fani linabaki palepale. Kiswahili kina sarufi ya imani isiyotegemea hisia, nayo ilitumika maili chache tu kutoka mahali ambapo watu hudhani lugha yao haina njia ya kusema hivyo.

Wala tatizo si la Afrika Mashariki peke yake. Barua za Mama Teresa wa Calcutta, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kufa kwake, ziliwashtua wengi kwa kuonyesha kwamba kwa karibu miaka hamsini alifanya kazi yake bila kumsikia Mungu moyoni. Mshtuko huo unaeleza zaidi juu ya walioshtuka. Walikuwa wamechukua kwamba mtu wa namna ile hulishwa na hisia, na kwamba bila hisia alikuwa akijifanya. Katika istilahi ya Abdilatif hakuna la kushangaza hapo. Alishika.

Haifai lakini kuuaga ushuhuda kwa dharau. Hisia si takataka. Yule mlevi aliyeacha pombe siku alipolia kanisani alipata kitu ambacho hotuba mia hazikumpa, na mwenye kumwambia kwamba machozi yake hayathibitishi lolote amesema kweli isiyo na faida. Tena fani hii imewapa wanawake wa mitaa ya vibarua jukwaa ambalo fasihi andishi haijawapa. Kosa liko katika kuifanya hisia kuwa hati ya uanachama, na kosa hilo limekazwa na umbo la kisa. Umbo hubadilika. Waumini wenyewe wanayo mikononi mwao Zaburi ya 88, ambayo yatofautiana na maombolezo karibu yote ya kitabu hicho kwa kutogeuka kuwa sifa. Inaanza kwa kumwita Mungu na inaishia gizani, nayo haikutolewa katika Maandiko. Mwenye kuitunga hakuona haja ya kungoja asubuhi ndipo aseme, na kitenzi chake hakimo katika -li-.

Haihubiriwi mara nyingi. Katika matanga, hata hivyo, usiku unapokuwa mrefu na viti vya plastiki vimebaki na watu wachache, husikika Landless maneno yanayoikaribia sana: mtu huanza kusimulia msiba, hakuna siku wala tarehe ya ushindi, hakuna wimbo wa kufungia, anakoma tu. Wenzake hawamwambii kwamba amepoa. Hunyamaza naye kitambo, kisha mmoja husema Mungu yuko, na mwingine huenda kuongeza kuni.